Riwaya niliyowasomea wanakisomo kule Kaliua, na mwanamke aliyesubiri sura ya mwisho

Wakuu, salaam kwenu.

Mimi humu huwa nasoma tu na kupita. Jana nimeona mdau analalamika kwamba riwaya aliyoinunua imemharibia wikendi kwa twist zake za ovyo. Imenikumbusha jambo ambalo sijawahi kuliandika popote.

Nitaeleza nilichokiona na nilichokisikia mwenyewe. Pale nisipojua nitasema sijui. Majina nimebadilisha.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini. Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimejisomea. Nilipewa kazi ya kufundisha kisomo, yaani elimu ya watu wazima, katika kijiji kimoja cha ujamaa upande wa Kaliua.

Kijiji kilikuwa kipya. Watu walikuwa wamehamishwa mwaka mmoja nyuma kutoka makazi yao ya asili, kando ya ile njia ya kale ya misafara, njia ya wapagazi kwenda Ujiji. Makazi yale yaliyoachwa tuliyaita mahame.

Kurudi mahame kulikatazwa. Uongozi ulimhesabu anayerudi huko kuwa anakipinga kijiji.

Darasa lilikuwa saa kumi alasiri, ndani ya banda la kukaushia tumbaku. Tatizo langu lilikuwa mahudhurio. Vitabu nilivyokuwa navyo vilikuwa vya kupanda mahindi kwa mistari, uji wa mtoto na uchimbaji wa choo. Watu wametoka shamba, wamechoka, wanasinzia.

Karani mmoja wa stesheni ya Kaliua akaniazima riwaya. Haikuwa na jalada wala kurasa za mwanzo. Wavuta tumbaku walikuwa wamezichana kusokotea sigara. Kwa hiyo mpaka leo sijui jina lake wala nani aliiandika.

Nikapanga hivi: tukimaliza herufi, nawasomea kurasa chache. Nikajiwekea na sharti la kutosoma kurasa za mbele kabla yao. Nilitaka kujua pamoja nao.

Hadithi yenyewe: mwanamume anarudi kwenye nyumba aliyoihama, kufuata kitu alichokisahau. Haonekani tena. Mke wake anaanza kumtafuta.

Ndani ya wiki mbili banda lilijaa hadi wengine wakasimama nje.

Hapa niweke wazi jambo nililochelewa kulielewa. Wale watu hawakujua kwamba kuna kitabu cha kubuni. Vitabu vyote nilivyowasomea kabla vilisema kweli. Ukipanda kama kilivyosema, mahindi yanazaa. Basi na hiki walikichukua kama taarifa.

Mzee Kapaya, balozi wetu wa nyumba kumi, aliniuliza siku moja: "Mwalimu, huyu bwana wa kitabuni, polisi wameshaambiwa?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kati ya wanafunzi wangu alikuwepo Mama Kabula, mwanamke wa kama miaka thelathini na tano. Mume wake, Maganga, siku ya tatu baada ya kuhamia kijijini alirudi mahame kufuata mlango wa mninga alioutengeneza mwenyewe. Hakurudi. Walimtafuta siku mbili njiani na porini, bila kuingia mahame, wakaacha.

Mdogo wake Maganga, anaitwa Nkwabi, naye alikuwa mwanafunzi wangu. Yeye alishikilia kwamba kaka yake amekwenda mjini kutafuta maisha.

Ukoo wao ulikuwa na desturi hii: msiba wa mume hutangazwa na upande wa mume. Mke hatangazi. Akitangaza yeye, swali la kwanza ni, umejuaje? Sasa Nkwabi asipotamka, matanga hayawekwi. Mama Kabula akawa si mke, si mjane.

Baada ya mavuno ukoo ukamwita. Wakamwambia achague: aendelee kukaa chini ya Nkwabi, au arudi kwao na kumwacha binti yake Kabula.

Akawajibu, "Ngojeni kwanza kitabu cha mwalimu kiishe."

Mzee Kapaya ndiye aliyenisimulia hayo. Nilijisikia vibaya, ila pia, niwe mkweli, nilijisikia mkubwa.

Sasa nifike kwenye kilichonifanya niandike uzi huu.

Nina tabia ya kuandika mambo kwenye daftari. Nikaanza kuandika maneno ya Mama Kabula, kwa sababu alikuwa anasema yaliyo mbele kabla sijayasoma.

Mara ya kwanza, mke wa kitabuni anakaribia ile nyumba na mbwa wake. Nilikuwa naishia hapo kwa siku hiyo. Mama Kabula akasema taratibu, kama anajisemea, "Mbwa hataingia." Kesho yake nikafungua ukurasa. Mbwa alikaa kizingitini, akagoma.

Mara ya pili alisema, "Jivu litakuwa na moto." Nikasoma. Mke anaingiza mkono mekoni kwenye nyumba iliyohamwa, jivu ni la moto.

Nilianza kulala na kitabu chini ya mto. Hakuna mwingine aliyekuwa nacho, na yeye wakati huo alikuwa bado anahangaika na silabi.

Mara ya tatu ilikuwa mbaya zaidi. Nimefunga kitabu, watu wanainuka, akaniuliza, "Mwalimu, kinu bado hajakisikia?"

"Kinu gani, mama?"

"Basi. Soma tu."

Siku iliyofuata, ukurasa wa pili: mke amesimama katikati ya mahame, jua la alasiri, hakuna mtu, na anasikia mtu anatwanga.

Nilisoma sentensi ile. Banda zima likamgeukia Mama Kabula. Yeye alikuwa anatazama mikono yake.

Sura ya mwisho niliisoma siku ya Ijumaa. Walikuja hata wasiosoma kisomo. Nkwabi alikaa mbele. Kila mtu alijua kinachosubiriwa, kwamba kitabu kikisema mtu amekufa, na Nkwabi atasema.

Wakuu, mwisho wenyewe ulikuwa hivi. Yule mwanamume alikuwa hai. Yuko mjini na mke mwingine, anafanya biashara. Aliyekuwa anatwanga ni pacha wake, ambaye hakutajwa hata mara moja katika kurasa zote za nyuma, na alikuwa anawatisha watu wasiguse mali iliyofichwa na wafanyabiashara wa zamani.

Pacha!

Nilisoma hadi nukta ya mwisho. Ningeweza kubadilisha, nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikubadilisha. Nilikuwa kijana niliyejivunia kusoma kilichoandikwa.

Nkwabi akapiga goti lake kwa kiganja. "Mmesikia? Si nilisema! Kaka yuko mjini anakula wali, nyie mnataka kumzika."

Halafu akamgeukia Mama Kabula. "Shemeji, umekimbiwa. Kubali tu."

Kuna waliocheka.

Mama Kabula akasimama. Kwanza aliniangalia mimi. "Mwalimu, hapo kitabu kimepotea njia. Mpaka kwenye kinu kilikuwa sawa."

Mzee Kapaya akasema, "Mama Kabula, angalia maneno yako. Unajuaje?"

"Nimemwona."

"Umemwona nani?"

"Maganga. Yuko ndani ya kisima cha wapagazi, kule mahame. Nilimwona kabla mwalimu hajakianza hiki kitabu."



"Ningesema, mngeniuliza nilikwenda mahame kufanya nini," akaendelea. "Nilikwenda kumtafuta mume wangu. Nimerudi mara nyingi, nawasha moto pale nyumbani ili asione tumemwachia giza. Nilisema acha kitabu kiseme, maana kitabu mnakiamini. Kimeogopa. Basi nasema mimi. Shemeji, niulize unachotaka kuniuliza."



Asubuhi tulikwenda wanaume wanane na kamba. Mimi nilikuwemo. Kisima kile kilifunikwa kwa magogo ya zamani, na moja lilikuwa limeoza na kukatika katikati. Kuzunguka mdomo wake palikuwa pamefagiliwa na kunyunyizwa unga mweupe wa tambiko. Chini alikuwepo mtu. Mlango wa mninga ulikuwa umeegemezwa kwenye mti hatua chache, bila shaka alikuwa ameutua ili anywe maji.

Kwa hiyo jivu la moto nimelielewa. Mbwa pia, maana Mama Kabula alikuwa na mbwa aliyemfuata kila alikokwenda.

Tukiwa tunavuta kamba, tulisikia kinu. Upande wa nyumba zilizobomoka, mapigo ya taratibu, ya mtu asiye na haraka. Nilihesabu hadi kumi na nne. Hakuna aliyegeuza shingo. Mzee Kapaya alisema neno moja tu, "Vuteni."

Baadaye nilimuuliza Mama Kabula kama alikuwa anatwanga kule. Alisema kinu chake alihama nacho siku ya kwanza. Hapa ndipo ninaposema sijui.

Nkwabi ndiye aliyetangaza msiba, jioni hiyo hiyo, huku analia kama mtoto. Matanga yakawekwa. Kabula akabaki na mama yake.

Kitabu nilikirudisha Kaliua. Karani akaniuliza, "Umeonaje mwisho wake? Pacha yule amenimaliza!" Nilimwambia nina haraka.

Nimesoma riwaya nyingi tangu siku ile, na somo langu ni hili. Twist mbovu si kosa la akili, ni woga. Mwandishi yule aliwatembeza watu hadi kwenye mdomo wa kisima, kisha akakataa kuchungulia, akaokota pacha. Mwanamke asiyejua kuandika jina lake vizuri alichungulia, akarudi, akasema alichokiona mbele ya watu wote.

Mnaoandika humu, kama huna moyo wa kuchungulia, usitupeleke kisimani.

Karibuni kwa maoni. Anayekitambua kitabu hicho anitajie jina lake. Na mliozaliwa maeneo yale, mliosikia kinu mahame mchana kweupe, semeni bila aibu. Sitamcheka mtu.