Panya wa Jirani

Mtego wangu wa waya unanuka nazi ya kuchoma, na panya aliyenasa ndani ananitazama bila haya. Huyu ndiye aliyetoboa gunia langu la mchele.

Mzee wa Kihindi, jirani yetu kule Rahaleo nilipokuwa mtoto, naye alitega kwa nazi. Kila asubuhi alibeba mtego kwa mikono miwili, kama anayesindikiza mgeni, akaenda kuufungulia nyuma ya nyumba yetu, pale mama alipoanika makopa ya muhogo.

"Mzee, panya wako wanatumaliza! Si uwaue?" mama alifoka.

"Siwezi, mama. Mungu aliye ndani yako ndiye aliye ndani yake. Sote ni kitu kimoja."

"Mungu ndani ya panya? Astaghafirullah! Kama ni kitu kimoja, kaa naye kwako!"

Kesho yake alileta panya mwingine, pamoja na chapati za kumpa mama. Mama alizimaliza zote huku akigomba.

Ndoo ya kumzamishia panya huyu nimeiacha nyumbani, imejaa maji tangu asubuhi. Yule mzee ameniharibu kabisa. Sasa nimesimama uani kwa jirani na mtego mkononi, nachungulia kama mwenye nyumba ameshatoka, niufungue.