Miche ya Kona ya Mkwaja

Kwenye kona kabla hujaingia Mkwaja hakuna mti wa mbambakofi hata mmoja. Kuna lami, kuna nyasi fupi, kuna miarobaini michanga inayojiotea popote ndege anapodondosha kokwa.

Barabara ilipopanuliwa, mibambakofi ya pale iling'olewa yote. Devota, mjane aliyezaliwa kambi ya mkonge, aliokota mbegu kwenye kifusi, zile nyeusi zenye kofia nyekundu, akaziotesha kwenye pakiti za maziwa, akaipanda miche kandokando ya kona. Mbegu nyingine hakuwa nazo, wala mti wa kuziokotea.

Wafyekaji wa barabara hawachagui jani. Kwa hiyo alichana kanga kuukuu nyekundu, akaufunga kila mche kitambaa ili wauone. Kisha nyonga ikamlaza, akakaa masika yote mjini kwa binti yake Ritha.

Aliporudi, majani yalimfika kifuani. Chini yake miche ilikuwa hai bado, myembamba, ya njano, inatafuta jua.

"Shikamoo, Mama Ritha," alisema Mwinyijuma, kiongozi wa wafyekaji.

"Marahaba. Mbona kona yangu mmeiruka?"

"Ile? Sisi tuna watoto, mama. Vitambaa vyekundu porini! Kama una ahadi na mzimu wako, malizaneni wenyewe."

"Mimi Mkatoliki, mzimu nautoa wapi?"

"Nyie ndio wabaya zaidi. Rozari mkono huu, ubani mkono huu."

Wenzake wakaangua kicheko, naye Devota akacheka. Akavifungua vitambaa vyote mbele yao.

"Haya, mzimu nimeubeba. Kesho nakuja na vijiti niizungushie miche yangu, ndipo mfyeke."

Kesho yake nyonga ilimchelewesha. Mwinyijuma, aliyeona haya kumcheka mama mgonjwa, alikuwa amewaamsha wenzake alfajiri wampunguzie kazi. Devota alipofika, kona ilikuwa safi kama kiganja.

"Miche yako hatukuigusa," Mwinyijuma alisema, jasho likimtiririka, uso umejaa furaha. Akamwonyesha: mifupi, ya kijani, imenawiri. "Mwarobaini dawa, mama. Nani atathubutu kuukata?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza amepanda nini, na yeye hakuwahi kusema.

Devota alitazama nyasi zilizolala, vijiti bado kwapani.

"Ahsanteni, wanangu," akasema.

Alisubiri hadi vuli. Hakikuchipua kitu.

Sasa anaishi Chumbageni, kwenye chumba cha uani nyumbani kwa Ritha.