Niliwaambia wanajumuiya mume wangu amesafiri, kumbe yuko nyuma ya pazia

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo. Admin, jina langu usiliweke, maana hapa Lyamkena, Makambako, tunajuana. Nina miaka ishirini na tatu, nimesoma hadi kidato cha nne, na huu ni mwezi wa nane tangu niolewe. Hadi leo nikitamka "mume wangu" natabasamu peke yangu, hata nikiwa nafua.

Mume wangu ni mrefu, mpole, kazi yake kupasua mbao kwao Matembwe. Nilimpenda siku alipoleta mbao za paa nyumbani kwetu Uwemba, akakaa kula viazi na baba kama mtoto wa pale pale. Siku ya ndoa baridi ilikuwa kali, vidole vyangu vinatetemeka, akavipuliza mbele ya Padre ndipo akanivisha pete. Kanisa zima lilicheka. Mimi niliona mbingu.

Wiki ya tano, gogo lilimviringikia mgongoni akiwa kazini. Alirudi kutoka hospitali hawezi kusimama. Daktari alisema miguu inaweza kupona au isipone, ila inyooshwe asubuhi na jioni, tusiache hata siku moja. Mwezi wa kwanza tulifanya vizuri. Baadaye akaanza kusema, "Acha, unajichosha bure." Siku moja akaniambia, "Wewe bado binti. Rudi kwenu, hakuna atakayekulaumu."

Nikamjibu, "Nirudi nikafanye nini, na wewe uko huku?"

Akageukia ukutani. Ndugu zangu, nampenda hata akinigeuzia mgongo, lakini siku hizo nilikuwa napika huku machozi yanaingia kwenye mboga.

Watu hakutaka wamwone kabisa. Sasa ikafika zamu yetu ya jumuiya, kwa kuwa tunasali kila Jumamosi asubuhi nyumba kwa nyumba. Akasema, "Waambie nimesafiri." Chumba chetu ni kimoja, tumekigawa kwa pazia. Nikamfunika blanketi, nikavuta pazia, nikawakaribisha watu kumi na wawili na kuwaambia mwenzangu yuko Njombe kwa ndugu zake. Nilisahau kitu kimoja tu. Kiti chake cha magurudumu kilikuwa pale pale mlangoni, na kila aliyeingia alikipisha.

Tulipofika kwenye maombi, bibi mmoja, mkubwa kuliko wote kwenye jumuiya yetu, akasali hivi: "Ee Bwana, tunamwombea mjukuu wetu aliyesafiri akasahau kiti chake. Umrudishe salama, hata kama aliko ni mbali na sisi kwa kitambaa tu. Na huyu mkewe umsamehe, bado hajazoea kudanganya. Ee Bwana, twakuomba."

Wote wakaitikia, "Utusikie." Ndipo nyuma ya pazia ikatoka sauti imekauka, imechelewa, peke yake: "Utusikie."

Hakuna aliyegeuka. Nilijifunika uso kwa kitenge, nikalia.

Walipoondoka mume wangu alisema, "Huyo bibi ana mdomo." Halafu akasema, "Haya, njoo tunyooshe hii miguu." Nilitaka kumbeba nizunguke naye uwanjani. Kwa siku nne alikula, alitania, aliniita malkia. Nikajua Mungu hajatuacha.

Kosa langu ni furaha. Jumatano mwenyekiti wa jumuiya alikuja kuniambia kwamba Jumamosi hii watarudi na Padre, amletee mgonjwa komunyo. Nikakimbia kumwambia mume wangu nikidhani nampelekea zawadi. Uso wake ukazima.

"Lile neno lilinitoka tu," akasema. "Usinifanye ushuhuda."

"Ni Padre yule yule aliyetufungisha ndoa," nikamwambia.

"Ndiyo maana. Alinifungisha nimesimama, hatanikuta nimelala. Ukimfungulia, nampigia kaka aje anichukue nirudi Matembwe. Na wewe usinifuate."

Leo ni Alhamisi. Tangu jana hajala vizuri na miguu haijanyooshwa. Akisinzia mchana naishika kimya kimya nikisali, akiamka naiachia. Nikimzuia Padre, naogopa giza lile litamrudia, na safari hii sijui nani atalitoa. Nikimruhusu, naogopa atafanya alivyosema, maana si mtu wa kutishia bure. Naamini kwamba anamhitaji Mungu kuliko anavyokubali, nimemsikia kwa masikio yangu. Lakini yeye ndiye mume wangu, na mwili ni wake.

Matusi sitayaweza kwa sasa. Naomba hekima zenu, hasa mliowahi kumuuguza mwenza wenu. Jumamosi saa moja asubuhi watabisha hodi, na mume wangu atakuwa ananisikiliza kutoka kitandani. Nifungue mlango, au nitoke nje niwarudishe?