Saini Yangu kwenye Karatasi ya Mechi

Ile Jumamosi ya uwanja wa Forest ninaikumbuka mpaka harufu ya majani mabichi na mafuta ya kuchua miguu. Mwanangu Clarisse, Jumapili baada ya misa uliniuliza jambo, na mimi nikakujibu kwa kutikisa kichwa tu kwa sababu watu walikuwa wanatupita. Unaosha wazee kwenye maison de repos, ile nyumba ya kutunzia wazee, na sasa chef wako, mkubwa wa kazi, anataka uweke saini mahali pa muuguzi kwenye karatasi za dawa, eti wauguzi hawatoshi. Amekupa mpaka Jumatatu. Bon. Soma hii kabla ya Jumatatu. Shule niliiacha darasa la tano, donc usihesabu makosa.

Unajua kwamba nilikuwa kocha wa mabeki wa timu ya wanafunzi wa chuo kimoja hapa Brussels. Hujui nilivyoanza. Kule Lubumbashi nilicheza beki wa kati mpaka goti likakataa. Hapa nikapata kazi ya kusafisha sakafu hospitalini Jette, na Jumatano nikimaliza zamu nilikuwa ninaenda Forest, kwenye uwanja ulio karibu na kile kiwanda cha magari ambacho sasa kimefungwa, kuangalia tu. Wale vijana walikuwa wanalinda kama watu wanaosubiri tramu, kila mmoja anaangalia upande wake. Siku moja sikuvumilia. Nikaenda na kamba ya kuanikia nguo, nikawafunga mabeki wanne kiunoni, mmoja kwa mwingine, nikawaambia watembee. Mmoja akipanda, wote wanapanda. Akibaki mmoja, kamba inamvuta. Walicheka, wakasema tonton, yaani mjomba, anatupeleka sokoni kama mbuzi. Baada ya miezi miwili kamba haikuhitajika tena. Walikuwa wanaisikia kiunoni hata ikiwa haipo.

Kazi hiyo niliifanya miaka minne. Na hapa ninataja majina, kwa sababu nimechoka kusema “watu fulani”. Kocha mkuu alikuwa Thierry. Katibu wa timu alikuwa Donatien, mtu wa kwetu, wa Likasi, tuliimba naye kwaya moja. Gazeti la wanafunzi lilipomuuliza Thierry kuhusu ulinzi, alisema ni mfumo wake. Mfumo wake! Hajawahi hata kuigusa ile kamba.

Sasa, kwenye karatasi ya mechi kocha lazima awe na diploma. Mimi sikuwa nayo. Donatien akaniambia nitie saini kwenye mstari wa soigneur, yaani yule anayeshika begi la barafu na kuangalia afya ya wachezaji. Nikamwambia kazi hiyo siijui, mimi ninajua mabeki.

“Papa Faustin, ile ni papier tu,” akasema. “Nani atasoma? Weka jina, tucheze.”

Nikaweka. Kila Jumamosi nikaweka. Na kusema kweli nilifurahi kuliona jina langu limeandikwa pamoja na majina ya wenye diploma. Nilikuwa mjinga wa namna hiyo.

Ile Jumamosi tulikuwa tunaongoza bao moja, imebaki robo saa. Kwenye kona, Trésor, beki wangu wa kati, mtoto wa Maman Béatrice, akapigwa goti kichwani. Akaanguka, akaamka. Nikakimbia na barafu, nikamuuliza anajisikia namna gani.

“Niko bien, tonton. Kichwa tu njo inazunguka kidogo.”

Mpira uliofuata, watatu walipanda. Yeye akabaki, anamtazama kipa wetu kama mtu aliyesahau jina lake. Mwingine asingeona kitu. Mimi niliona, kwa sababu ile kamba niliifunga kwa mikono yangu. Nikamwendea Thierry, nikamwambia amtoe, mbadala yupo, amekwisha kuvaa. Hakugeuza hata shingo.

“Faustin, wewe si docteur. Kaa.”

Nikakaa.

Mwanangu, soma hapo tena. Nikakaa. Dakika chache baadaye Trésor akaruka kuupiga kichwa mpira wa juu, akashuka kama nguo iliyodondoka kwenye kamba. Hakufumbua macho mpaka ambulansi ilipofika.

Wiki tatu baadaye watu wa kamati ya ligi waliniita kwenye ofisi moja karibu na stesheni ya Gare du Nord, ghorofa ya juu, meza ndefu, maji kwenye chupa za kioo. Thierry akasema, kwa upole kabisa, kwamba mambo ya afya hayakuwa yake, timu ilikuwa na mtu wa kazi hiyo. Donatien akatoa karatasi zote za miaka minne, amezipanga vizuri. Mwenyekiti akaniuliza kama saini ni yangu. Nikasema ni yangu. Nikajaribu kueleza kwamba nilikuwa kocha wa mabeki. Akatafuta, akasema jina langu halipo popote kama kocha. Uwanjani sikuwa docteur, mezani nikawa docteur. Na Donatien, tuliyeimba naye, alikuwa anaangalia kalamu yake.

Mimi nilifungiwa. Thierry bado anafundisha, na mabeki wake bado wanapanda pamoja.

Hasira hiyo nitakufa nayo. Lakini kuna kitu siwezi kuwatwika wale wawili. Jumatatu baada ya mechi, kabla hata ya kuitwa kwenye ile meza, nilikuwa ninasukuma mashine ya sakafu kwenye koridoo ya hospitali, walikomlaza Trésor. Maman Béatrice alikuwa ameketi pale, pochi juu ya magoti. Aliinua miguu ili nipitishe mashine, kisha akanitambua.

“Papa Faustin, uliona kama mutoto hayuko bien?”

“Niliona, maman.”

“Na ukafanya nini?”

“Nilikaa.”

Hakunitukana. Alirudisha tu miguu yake kwenye sakafu yenye maji. Trésor alipona nusu. Hawezi kusoma ukurasa mzima bila kichwa kumuuma, chuo amekiacha. Tukikutana bado ananiita tonton, na hiyo ndiyo inaniuma zaidi.

Donc sikia. Usiweke jina lako kwenye kazi ambayo hukupewa nguvu ya kuifanya. Mimi walinipa saini, ruhusa ya kumtoa mtoto uwanjani wakabaki nayo. Chef wako atakupa kalamu hivyo hivyo, na siku mzee mmoja atakapotetemeka baada ya dawa, watakuambia wewe si muuguzi, kaa. Jumatatu mwambie hapana, kwa heshima, umesimama. Na kama siku moja utaona mtu anaharibika mbele ya macho yako, usisubiri ruhusa ya Thierry yeyote. Ingia uwanjani, wakufukuze. Wakikufukuza, njoo kwangu, chumba cha nyuma ni chako.

Mungu akupe sauti Jumatatu asubuhi. Jina lako liandikwe kwenye kazi yako mwenyewe, na mama wa mtu asiinue kamwe miguu mbele yako kwenye koridoo. Amina.