Niliishia Ukurasa wa Arobaini

Nichekeni tu, nimestahili. Kikundi chetu cha kusoma vitabu hapa Engutoto kilichagua riwaya ya shule ya bweni. Mimi niliitupa nilipofika ukurasa wa arobaini, pale tranka la mwanafunzi lilipokutwa tupu na kufuli halijaguswa. Maisha yale nayajua: uji wenye wadudu, foleni ya maji, viboko vya asubuhi. Nikae nisome shida zangu mwenyewe?

Jumamosi nikaenda kikaoni na miwani ambayo hakuna daktari aliyeniandikia. Mwenyekiti wetu, Mama Pendaeli, alitaka kumtambulisha mgeni mmoja mwenye upara, aliyekuwa akinywa chai yake kimya. Nikamkatiza.

"Kitabu hakina jipya," nikasema. "Eti tranka limeibiwaje! Unagonga pini ya bawaba kwa mpini wa kijiko, unakula maziwa ya unga ya watu, unarudisha pini. Mimi nilifanya hivyo kidato cha pili, na bweni zima likamshuku aliyelala kitanda cha jirani!"

Watu wakacheka. Mgeni hakucheka.

"Shule gani?" akauliza taratibu.

Nikaitaja kwa majivuno.

Akaweka kikombe chini. "Jina la kwenye jalada ni la kubuni. Mwandishi ni mimi. Na aliyefukuzwa shule kwa maziwa yale ni mimi vilevile. Ungefika mwisho, kaka, ungekuta mwizi hajajulikana mpaka leo."

Akachomoa kalamu mfukoni.

"Tunaandaa toleo la pili. Nipe majina yako matatu."