Karatasi Niliyoirarua kwa Sheria ya Zamani

Nimefundisha hesabu maisha yangu yote, na ubishi niliuzoea kama chai. Lakini ubishi ninaoujutia haukuhusu hesabu wala siasa. Ulihusu kitabu cha mchezo, toleo la zamani na toleo jipya. Watu wazima na mvi zetu, jamani!

Tulikuwa watatu. Kila Jumapili baada ya kanisa tulikutana Makutano, nyuma ya duka la dawa za mifugo na mimea la rafiki yangu, mama mmoja mcheshi kutoka Kangeta. Wa tatu alikuwa fundi wa simu, Mwembu mwenye mdomo. Mchezo wenyewe ni wa mezani: kila mtu anajitungia mhusika, anaandika uwezo wake kwenye karatasi, kisha anamsemea na kumpitisha kwenye hatari, dadu ikiamua kama atapona. Mimi nilikuwa msimulizi na mwamuzi. Majoka ya kitabuni tuliyahamishia bwawa la Kiambere.

Mhusika wa mama alikuwa mwizi aliyechechemea, mtafuna miraa, anayetania hata joka. Tulimcheka miaka minne. Mimi peke yangu nilijua ni nani: marehemu kakake, aliyefia barabarani akipeleka miraa sokoni. Aliniambia siku moja na kuniomba nisiseme.

Halafu fundi akaleta toleo jipya kwenye simu yake.

"Mwalimu, hicho kitabu chako ni cha enzi ya babu!"

"Na hicho chako ni cha watu wanaoogopa kuanguka. Wewe nawe!"

Tulibishana hivyo miezi mizima. Katika toleo langu, nguvu zikiisha umekufa, basi. Katika lake, unarusha dadu tena uone kama utapona.

Jumapili moja joka likampiga yule mwizi, nguvu zikaisha. Fundi akadakia, "Kwa toleo jipya bado yuko! Arushe!"

Ningekubali, nani angeumia? Lakini nilimwona fundi akitabasamu, nikajua nikilegea leo nitachekwa mwaka mzima.

"Mwalimu," mama akasema polepole, "niache nirushe. Mara moja tu."

"Sheria ni sheria. Hilo toleo ni la watu wasiojua kufiwa."

Nilimwambia yeye hayo. Yeye! Kisha, kama ilivyokuwa desturi yetu mhusika akifa, nikachukua karatasi yake nikairarua mara mbili. Hata fundi aliangalia chini. Hasira hasara, husemwa, lakini mimi sikuwa hata na hasira. Nilitaka tu kushinda.

Jumapili iliyofuata mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, na ukabaki hivyo. Nilikaa wiki nyingi nikijitetea moyoni, mpaka nikachoka na uongo wangu. Nikaenda dukani, eti natafuta dawa ya viwavi.

"Nimesoma toleo jipya lote," nikamwambia. "Tunaweza kumrudisha. Nisamehe."

Alinitazama bila chuki, na hilo liliniuma zaidi.

"Mwalimu, yule wa kwanza alipofia barabarani hakuna aliyeniuliza. Huyu nilikuomba, na ulikuwa na uwezo."

Akanifungia dawa, akanirudishia chenji, akamuuliza mteja aliyekuwa nyuma yangu anataka nini.