Nani Mke Kati Yao

Nyumba yenyewe ilikuwa ya tatu kutoka kwetu, katika kijiji kipya cha ujamaa huko Nyanungu. Waliishi humo wanaume wawili: mkulima wa rika langu ambaye hakuoa, na seremala aliyetoka Mugumu. Misimu miwili ilipita bila mtu kuwasema. Walianza kusemwa siku seremala alipoonekana mchana, amepiga magoti, anasaga ulezi kwenye jiwe.

Ukaitishwa mkutano wa kijiji kuamua kama seremala aondoke.

“Ndugu, hebu tuambieni,” mwenyekiti akaanza. “Nani mke kati yenu?”

Tulicheka. Mimi nilicheka kwa sauti.

“Anayewahi kutoka shambani ndiye anayepika,” mkulima akajibu.

“Basi wote wake!” mtu akadakia, akamgeukia seremala kwa neno letu la kumwita kijana. “Mura, ulitolewa ng'ombe wangapi?”

Bibi mmoja akasimama upande wa wanawake. Hakujaliwa mtoto wa kiume, hivyo alitoa ng'ombe akaoa mwanamke, kama desturi yetu ya nyumba ntobhu inavyoruhusu. Watoto wa mke huyo walihesabiwa kuwa wa nyumba ya bibi.

“Mimi nimeoa mwanamke,” alisema. “Mbona kwangu hamkuitisha mkutano?”

“Mama, wewe ulipanda, ukashika nafasi ya mwanamume. Hawa wameshuka,” mwenyekiti akajibu.

“Wameshuka wakafika wapi? Hapa nilipokaa mimi?”

Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti akasema ajenda ni moja tu, akataka mikono. Niliunyosha wangu. Seremala akapewa mpaka Jumamosi.

Nyumbani nilimweleza mke wangu, ambaye alikuwa amebaki na mtoto mgonjwa. Nilimwigizia hata ule utani wa ng'ombe. Alisikiliza hadi mwisho.

“Kwa hiyo kosa lao ni kufanana na mimi,” alisema.

“Sikusema hivyo.”

“Baba, ulinyosha mkono?”

Mke wangu alimchukua mtoto, akaketi. “Unga uko kwenye kapu. Leo songa wewe.”

Tangu hapo nimesoma vitabu vingi, peke yangu, nikitafuta maelezo ya kicheko kile. Sijapata maelezo mazuri kuliko nilichokifanya jioni hiyo. Seremala alikuwa bado nyumba ya tatu. Ningeweza kwenda kusema neno. Badala yake niliinjika maji. Kabla ya kushika mwiko nilichungulia nje mara mbili, kisha nikafunga mlango. Moshi ulijaa ndani, mtoto akaanza kukohoa, na mke wangu akaniambia nifungue mlango. Sikuufungua.